Mgodi ndani ya wavu: uchambuzi wa kisa cha orodha ya maneno ya kijeshi, Kiingereza kwa Kiaisilandi

Kabla ya kuanza

Kisa hiki kilinikuta mimi mwenyewe nilipokuwa msimamizi wa miradi katika kampuni ndogo ya tafsiri, kaskazini mwa Ulaya. Jina la kampuni, la mteja, la mji na la kila aliyehusika nimeyaondoa, na mambo mawili matatu madogo nimeyabadilisha ili mtu asitambulike. Historia ya Aisilandi iliyomo na maneno ya Kiaisilandi sikuyagusa.

Ninawaandikia wenzangu watafsiri na wanaotunga faharasa za istilahi. Kwa asiyejua kazi hii, msimamizi wa miradi husimamia lugha asizozijua. Mimi ni mtu wa Mombasa, na Kiaisilandi changu siku zile kilitosha kusalimia na kununua mkate, basi.

Usuli

Mteja alikuwa jumba la makumbusho ya bahari. Alikuwa akiandaa maonyesho kuhusu mivutano ya uvuvi kati ya Uingereza na Aisilandi, ile ambayo Waaisilandi huiita *þorskastríðin*, vita vya chewa. (Chewa huyu ni wa maji baridi ya kaskazini. Anayemfikiria chewa wa Mombasa, yule wa mdomo mpana anayejificha mapangoni, amsahau kwa muda.) Aisilandi ilipanua eneo lake la uvuvi kwa awamu: maili 12 za baharini mwaka 1958, 50 mwaka 1972, 200 mwaka 1975. Kila mara Uingereza ilituma manowari kulinda meli zake za kukokota nyavu, na kila mara mwishowe ikakubali. Mvutano wa tatu ulimalizika Juni 1976.

Aisilandi haina jeshi. Iliingia NATO mwaka 1949 ikiwa mwanachama mwanzilishi, bila hata kikosi kimoja cha askari. Ina walinzi wa pwani, *Landhelgisgæslan*, walioanzishwa mwaka 1926. Jina hilo ukilipasua linakwambia mengi. *Land* ni nchi, *helgi* ni utakatifu, na *gæsla* ni ulinzi. Maji ambayo sisi tunayaita maji ya mamlaka ya nchi, kwao ni utakatifu wa nchi. Ningelipasua jina hilo siku ya kwanza, nusu ya kisa hiki isingetokea.

Maelezo yote ya maonyesho yalikuwa yameandikwa kwa Kiingereza, na mwandishi wake alitegemea zaidi magazeti na kumbukumbu za upande wa Uingereza. Kazi yetu ilikuwa kuyaweka katika Kiaisilandi. Mteja akatuletea na orodha ya maneno ya majini na ya kijeshi, mistari mia tatu na kidogo, safu mbili: kushoto Kiingereza, kulia Kiaisilandi. Iliwahi kutumika kwenye maonyesho mengine. Aliyeitunga, kama nilivyokuja kugundua, alikuwa na kamusi nzuri na hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Yaliyotokea

Wiki ya kwanza niliiingiza orodha katika programu yetu ya tafsiri, nikaifunga. Kufunga maana yake ni kwamba mtafsiri akikutana na neno la kushoto, lazima atumie la kulia, la sivyo programu inampigia kelele nyekundu. Nilifanya jambo jingine pia, na hili ni kosa langu peke yangu. Zile lebo fupi za chini ya picha, kwa kuwa zilikuwa na muundo mmoja, nilizitengenezea kiolezo chenye nafasi wazi, programu ikawa inajaza neno yenyewe kutoka kwenye orodha. “Picha iliyopigwa kutoka kwenye ___.” “Kofia ya ___.” Nilijiona mjanja.

Siku ya nne mtafsiri wetu, nitamwita A, aliniandikia. Alikuwa na mistari kumi na moja ambayo hakuikubali, kila mmoja na sababu yake. Nilimjibu kwa sentensi moja: mteja ameidhinisha orodha, tuifuate. Nimeisoma barua ile tena kabla ya kuandika haya na bado uso unaniwaka. A hakubishana. Alilipwa kwa neno, na maneno ya orodha iliyofungwa yalilipwa pungufu, kwa hiyo kila dakika aliyotumia kunielimisha ilitoka mfukoni mwake.

Wiki ya tatu zilitoka nakala za majaribio za mabango, na mteja akaomba tumtafute mhakiki aliyewahi kufanya kazi baharini. Tulimpata mzee mmoja mstaafu, nimwite B, aliyekuwa baharia kwenye meli za walinzi wa pwani katika ujana wake. Tulizungumza kwa video, yeye, A na mimi. Kule watu huitana kwa jina la kwanza, hata rais, lakini mimi nilijikuta nikiinamisha kichwa kila alipoanza kusema, kama niko mbele ya mzee wa mtaa.

B alisoma kwa sauti. Bango la kwanza lilihusu vita vya pili vya dunia na mabomu ya baharini yaliyozagaa katika Atlantiki ya Kaskazini, ambayo hata miaka mingi baadaye wavuvi waliyakuta nyavuni. Alifika katikati, akasita, akaivua miwani, akaivaa tena, kisha akaanza kucheka kimya kimya huku mabega yakitikisika. Orodha ilikuwa imelitafsiri *mine* kuwa *náma*. *Náma* ni mgodi wa kuchimba madini. Mvuvi wa bango letu alikuwa ameinua wavu na kukuta humo mgodi mzima. Neno lenyewe ni *tundurdufl*, boya la baruti kwa tafsiri ya haraka, na lile la kutegwa ardhini ni *jarðsprengja*. Kiswahili kingetutega vivyo hivyo, maana mashine ikiona *mine* bila muktadha inakupa mgodi, nawe ulitaka bomu la kutegwa.

Bango la pili halikumchekesha. Lilikuwa na wanaume watatu katika tukio moja: anayeongoza meli ya doria ya Aisilandi, anayeongoza manowari ya Uingereza aina ya frigati, na mkuu wa meli ya uvuvi. Kiingereza kiliwaita wote *captain*, na sisi tukawaita wote *kafteinn*. B alisema, kwa upole, kwamba hilo ni neno la vibonzo. Anayeongoza meli ya doria au manowari ni *skipherra*. Anayeongoza meli ya uvuvi au ya mizigo ni *skipstjóri*. Na kama *captain* huyo ni wa jeshi la nchi kavu, ndipo linakuja neno la tatu, *höfuðsmaður*, mtu wa kichwa.

Bango la tatu ndilo lililotusimamisha. Magazeti ya Uingereza yalikuwa yakiziita meli za doria za Aisilandi *gunboat*. Orodha, kwa uaminifu wote wa kamusi, iliandika *fallbyssubátur*, boti ya mizinga. B alilisoma neno hilo, akanyamaza. Kisha akauliza kwa Kiingereza cha polepole, akielekeza macho kwangu na si kwa A:

“Anayesema hapa ni nani?”

Sikuwa na jibu. Bango lilikuwa linazungumza Kiaisilandi kwa Waaisilandi, likiwaambia kwamba meli walizozijua tangu utotoni kwa jina la *varðskip*, meli ya mlinzi, zilikuwa boti za mizinga.

Wakati sisi bado kimya, A alifungua faili la lebo fupi na kuushirikisha ukurasa kwenye skrini. Hapo nikaona kiolezo changu kilivyofanya kazi. “Kutoka kwenye frigati” ilikuwa imeandikwa *frá freigáta*. Jina la Kiaisilandi hubadilisha mkia kulingana na kazi linayofanya katika sentensi. Baada ya *frá* lazima liwe *freigátu*. Nyambizi ni *kafbátur* ikisimama peke yake, lakini kofia ya nyambizi, ufunguo wa nyambizi, chochote cha nyambizi, inakuwa *kafbáts*. Kwa msomaji wa Kiswahili ni kama mtu amekubandikia ukutani “kofia ya watoto kimoja wazuri”. Kiolezo kilikuwa kimeharibu karibu kila lebo. Lililopona ni *skipherra*, ambalo katika umoja halibadiliki, nalo hata halikuwemo kwenye orodha.

Maamuzi, na kwa nini

La kwanza lilikuwa rahisi: tuliifungua orodha. Kisha nikamwomba A radhi, na kampuni ikamlipa kwa saa badala ya kwa neno kwa muda wote wa marekebisho. Meneja wangu alinuna. Nilimwonyesha mgodi ndani ya wavu, akacheka, akatia sahihi.

La pili, tuliongeza safu. Orodha ya safu mbili ikawa ya safu tano: neno la Kiingereza, maana yake hapa, neno la Kiaisilandi, mikia yake yote minne ya umoja (ipo hazina ya mtandaoni inayotoa hiyo bure), na ya tano tukaiita kwa swali la B, “Anayesema ni nani”. Mstari mmoja wa *captain* ukazaa mistari minne. *Tank* ukazaa miwili, kwa sababu tangi la mafuta na kifaru cha vita havina undugu.

La tatu, *gunboat*. Hapa tulivutana kwa siku mbili. Mteja alisema, na hakukosea, kwamba meli zile zilikuwa na mzinga kweli, mmoja, wa zamani, pale mbele. Na mzinga huo ulitumika: tarehe 26 Mei 1973 meli ya doria Ægir iliishambulia kwa mizinga meli ya uvuvi ya Uingereza iitwayo Everton. Basi *gunboat* si uongo. Lakini silaha iliyowasumbua Waingereza zaidi haikuwa mzinga. Ilikuwa *togvíraklippur*, chombo kama nanga chenye makali, ambacho meli ya doria ilikikokota ikipita nyuma ya meli ya uvuvi ili kukata waya za wavu. Kilianza kutumika Septemba 1972. B alikichora kwa kalamu ya risasi nyuma ya bahasha na kuinyanyua mbele ya kamera: mikono minne iliyopinda, makali upande wa ndani. Wavu ukikatwa unakwenda chini pamoja na samaki wote. Mtu anayesoma “boti ya mizinga” anangoja mlio wa mzinga, haoni makali yale yanayopita chini ya maji.

Tukaamua hivi. Panapozungumza bango lenyewe, ni *varðskip*. Panaponukuliwa gazeti la Uingereza, *fallbyssubátur* linabaki, ndani ya alama za kunukuu, na jina la nchi ya gazeti likitajwa. Mwaisilandi atalisoma na kujua ni mdomo wa nani.

La nne lilihusu bango la tarehe 10 Mei 1940, na hilo ninalirudia chini kwa sababu niliamua vibaya.

Matokeo

Mabango matatu yaliyokwisha chapishwa yalitupwa. Lebo zote fupi ziliandikwa upya kwa mkono, na A alizimaliza kwa siku mbili, muda mfupi kuliko ule nilioutumia kutengeneza kile kiolezo cha kuokoa muda. Maonyesho yalifunguliwa kwa tarehe yake. Kampuni ilikula hasara ya uchapishaji. Mteja alichukua orodha mpya ya safu tano na kuomba ruhusa ya kuitumia tena.

Uchambuzi: orodha yenyewe

Niseme kwanza kilichokuwa kizuri, maana watu wakisikia kisa hiki hudhani orodha yote ilikuwa takataka. Sivyo. Sehemu kubwa ilikuwa sahihi, na maneno mengine yalinifanya nimheshimu aliyeyabuni. Kifaru cha vita ni *skriðdreki*, joka litambaalo. Sisi tuliona faru, wao waliona joka, na wote tuliona kitu kizito kinachokuja bila haraka. Meli ya kubeba ndege za vita ni *flugmóðurskip*, meli mama ya urukaji. Rada ni *ratsjá*, kutoka maneno ya kuijua njia na kuona. Helikopta ni *þyrla*, kitu kinachozunguka kwa kasi. *Destroyer* ni *tundurspillir*, na hapa Kiaisilandi kimekumbuka jambo ambalo Kiingereza kimelisahau: meli hizo zilibuniwa ili kuharibu boti za kurusha topido, na topido kwa Kiaisilandi ni *tundurskeyti*. *Spillir* ni mharibifu. Mharibifu wa nini? Kiingereza hakikwambii tena.

Hata hivyo usije ukadhani wao hawakopi. *Freigáta* ni la kukopa na hakuna anayelilalamikia. Mabanda ya bati ya askari wa vita vya pili huitwa *braggi*, kutoka *barrack*, na familia nyingi za Reykjavík ziliishi humo baada ya vita. Sisi nasi tunayo *manowari*, ambayo ni *man-of-war* iliyovaa kanzu, na leo hakuna anayekumbuka kwamba ilikuja na meli. Neno la kukopa si kasoro. Kasoro ya *kafteinn* ni kwamba mahali pake palikuwa pameshakaliwa na maneno mengine matatu yanayofanya kazi kila siku.

Vyeo ndivyo vinavyoua. Nawaonya wenzangu wa Kiswahili hasa hapa, kwa kuwa mtego wetu ni mbaya zaidi. *Captain* wa jeshi la majini la Uingereza yuko sawa na kanali. Kapteni wa nchi kavu yuko chini yake kwa ngazi tatu. Na jeshi la majini la Kenya hutumia vyeo vya nchi kavu: kamanda wake ni meja jenerali, wala si admeri. Kwa hiyo *captain* wa manowari ya Uingereza akitia nanga Mombasa, ukamwandika “Kapteni” bila maelezo, umemshusha hadi kwa vijana. Nahodha ungeweza kumwita, lakini hilo ni neno la kazi anayoifanya na wala si la cheo alichovaa begani. Kwa mabaharia wa kawaida tunayo hazina ambayo haitumiki vya kutosha. *Bátsmaður* wa Kiaisilandi ana ndugu yake kamili katika *serahangi* wetu, nami nimeona tafsiri nyingi za Kiswahili zikiandika “msimamizi wa staha” kana kwamba pwani haijawahi kuwa na meli.

Uchambuzi: niliyoyakosea

Kiolezo sina cha kukitetea. Mtu aliyekua na ngeli, anayejua kwamba “kizuri” na “mzuri” havibadilishani nafasi, hakupaswa kudhani kwamba jina la lugha nyingine litaingia kila tundu bila kuguswa. Nilikuwa nikiishi kwa Kiingereza muda mrefu mno.

Kumnyamazisha A lilikuwa kosa la tabia zaidi kuliko la utaalamu. Mistari yake kumi na moja ilijumuisha *mine*, *captain* na *gunboat*. Yote matatu. B alikuja kusema wiki ya tatu kile ambacho A alikuwa amekiandika siku ya nne, tofauti ni kwamba B alikuwa mzee, ametumikia baharini, na mteja ndiye aliyemwomba. Siku hizi mtafsiri akinipa pingamizi, nampelekea mteja kama lilivyo, siku ileile.

Sasa lile bango la tarehe 10 Mei 1940. Siku hiyo wanamaji wa Uingereza waliteremka Reykjavík bila kukaribishwa. Serikali ya Aisilandi ilipinga, lakini watu hawakupigana. Wenyewe huiita *hernám*: *her* ni jeshi, *nám* ni kutwaa. Julai 1941 Wamarekani walianza kuchukua nafasi ya Waingereza, safari hii kwa makubaliano, na neno likawa *hervernd*, ulinzi wa kijeshi. Mwaka 1951 Wamarekani walirudi kwa mkataba mpya, wakaitwa *varnarlið*, kikosi cha kujihami, na wakakaa Keflavík hadi mwaka 2006. Askari wa kigeni ni askari wa kigeni, lakini katika miaka kumi na moja walipewa majina matatu, na kila jina ni mkataba mzima kwa ufupi. Zanzibar ilipowekwa chini ya Waingereza mwaka 1890, neno lililotumika lilikuwa himaya, ulinzi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi.

Kiingereza cha mteja kilisema kikosi cha Uingereza “kiliwasili”. A aliandika *hernám*. Mteja akasema ni kali mno kwa wageni kutoka Uingereza, ambao, nilimkumbusha, wasingesoma bango la Kiaisilandi. Hakukubali. Nikatafuta neno la katikati, nikalipata, nikajipongeza: *landganga*, kuteremka pwani. Askari wale walikuwa *landgönguliðar*, wanamaji wa kuteremka pwani, na kweli waliteremka. Neno halina kosa hata moja. Mteja alifurahi, bango likachapishwa.

B alikuja siku ya ufunguzi. Alisimama mbele ya bango hilo muda mrefu akiwa na mjukuu wake wa miaka kama kumi. Mtoto akasoma kwa sauti, akamuuliza jambo. A alikuwa pembeni yangu, nikamwomba anitafsirie.

“Anauliza, waliteremka, halafu wakaondoka lini?”

Katika safu ya tano, mstari wa *landganga*, nilikuwa nimeandika kwamba anayesema ni jumba la makumbusho. Usiku ule niliufuta na kuandika jina langu.